Kumtafuta Mshindani

Fungueni daftari zenu. Neno letu la leo ni "mshindani". Lisomeni pamoja na mwalimu wenu: m-shi-nda-ni.

Ikiwa mjumbe amekaa barazani miaka mingi na hapana mtu wa kushindana naye, sanduku la kura lipo, karatasi ipo, lakini jina ni moja tu. Hapo mpiga kura huchagua nini?

Nitawapa mfano wa Virginia, jimbo mojawapo la Marekani. Wana baraza lao la kutunga sheria, na sehemu moja ya baraza hilo ina wajumbe 100. Kila baada ya miaka miwili wote hurudi kwa wapiga kura. Mtu anayetaka kuingia katika uchaguzi wa mchujo wa chama hana budi kwanza kuleta sahihi za wapiga kura 125 wa eneo lake. Sahihi, wanafunzi! Nadhani sasa mwaona kwa nini mwalimu wenu hachoki kuwaandikisha majina yenu.

Atafutwe mtu wa namna gani? Wengine hutazama fedha. Mimi naona afadhali mtu anayejua shida ya mahali. Mwaka 1992 Bob Marshall aliingia barazani, akakaa miaka ishirini na zaidi. Mwaka 2017 alikuja kushindana naye Danica Roem, mwandishi wa gazeti la hapo hapo. Habari yake kubwa ilikuwa barabara namba 28, ambayo husongamana magari. Akamshinda mzee yule.

Mwaka huo huo, mjini Newport News, Bibi Shelly Simonds wa bodi ya shule alishindana na mjumbe David Yancey. Kura zilipohesabiwa mara ya pili, bibi alizidi kwa kura moja: 11,608 kwa 11,607. Kesho yake mahakimu watatu waliitazama karatasi moja iliyokuwa imewekwa kando. Mpiga kura alikuwa ametia alama kwa majina yote mawili, kisha akapiga mstari juu ya alama ya Simonds. Mahakimu wakampa Yancey kura hiyo. Wakawa sare.

Basi tarehe 4 Januari 2018 majina mawili yalitiwa katika vikebe vidogo, vikebe vikatiwa katika bakuli, kimoja kikatolewa. Likatoka jina la Yancey. Chama chake kikabaki na wajumbe 51, wenzao 49. Lau lingetoka jina la pili, ingekuwa 50 kwa 50.

Mwaka 2019 Bibi Simonds alisimama tena kushindana na Bwana Yancey, naye akashinda.

Sasa chukueni kalamu. Andikeni mara tatu: mshindani, sahihi, sare. Kisha kila mmoja achore karatasi ya kura yenye majina mawili, atie alama moja tu, ampe jirani yake aisome.