Kuaminiana kwa Vyuo Kuanze na Matokeo

Msikilizaji, kijana wa Maswa au Itilima, hapa mkoani Simiyu, akimaliza diploma, chuo kikuu hakipokei cheti chake hivi hivi. Kwanza apate namba ya uhakiki, AVN, kutoka NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, na TCU, tume ya vyuo vikuu, nayo inataka walau GPA ya 3.0. Namba ile ni neno la chuo cha kati kwa chuo kikuu: huyu tumemfundisha kweli. Chuo cha kati kikichelewa kupeleka matokeo NACTVET, namba haitoki, na dirisha la udahili halimsubiri mtu. Mwaka umepotea, na fedha ya pamba iliyomsomesha hairudi.

Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012, ulianza kujengewa kampasi ya Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, wilayani Bariadi kupitia HEET, mradi wa serikali wa elimu ya juu. Ni jambo kubwa. Lakini kuaminiana kwa vyuo vya kati na vyuo vikuu hakujengwi kwa tofali. Kunataka wakufunzi na wahadhiri wakae meza moja, wapitie mitaala, wasahihishiane mitihani. Hati ya makubaliano kati ya vyuo iliyosainiwa mbele ya kamera kisha ikafungiwa kabatini haimsaidii mwanafunzi yeyote.

Wakuu wa vyuo vya Simiyu, tunawaomba: pelekeni NACTVET matokeo ya vijana hawa kabla dirisha la udahili halijafunguliwa.