Mkojo Ukikuponyoka Baada ya Kujifungua

Wapo akina mama wanaoacha kwenda harusini kwa kuogopa kikohozi tu. Akikohoa, akicheka, akiinua ndoo, mkojo unamponyoka. Ujauzito na uzazi hulegeza misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa. Habari njema: misuli hiyo hufundishika.

Keti wima. Kaza misuli hiyo kama unayezuia hewa isikutoke mbele za watu, ukivuta kwenda juu. Usibane pumzi wala makalio. Shikilia sekunde chache, legeza kabisa, rudia mara 8. Fanya hivyo mara 3 kwa siku, kwa miezi 3 angalau, lakini si wakati unakojoa. Mtaalamu wa fiziotherapia atakuangalia kama unakaza panapotakiwa. Wengi hukaza tumbo.

Baba, ndoo ya lita 20 ibebe wewe. Na mama mkwe, tafadhali, usimwambie mkweo eti "ndiyo uzazi huo".

Mkojo ukivuja mfululizo, usiku na mchana, baada ya uchungu uliochukua muda mrefu, huenda ni fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo. Hiyo haizibwi kwa mazoezi. Wahi hospitali. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, huitibu bila malipo.