Haki ya Mpangaji Kuweka Dishi, na Haki ya Mwenye Paa

Maneno ya Afisa wa Uhusiano wa Polisi na Jamii katika baraza la wenye nyumba na wapangaji, Busia, Uganda



Mada tuliyopewa leo yaweza kuonekana ndogo: dishi la televisheni katika nyumba ya kupanga. Lakini ugomvi wa dishi haukawii kukua. Huanza kwa bati lililotobolewa, ukafuatia waya uliokatwa usiku, kisha mlango ukatiwa kufuli ya pili na watoto wakalala nje. Hapo kila mmoja hudai kuwa ndiye aliyedhulumiwa, na mara nyingi wote wawili wana sehemu ya haki. Basi na tupambanue mambo matatu: mpangaji ana haki gani, mwenye nyumba ana haki gani, na polisi huingia wapi.

Nianze na mpangaji. Katika mji wa mpakani, ua mmoja huweza kuwa na Mganda chumba cha kwanza, Mkenya chumba cha pili, na katika cha tatu familia iliyokimbia vita Kongo. Kila mmoja hutamani kusikia habari za kwao kwa lugha anayoielewa, na kuwalea watoto wasisahau lugha hiyo. Hiyo si anasa. Ibara ya 9 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu yatamka kwamba kila mtu ana haki ya kupokea habari, na Uganda na Kenya zote zimeuridhia. Kwa kuwa shaka huzaliwa upesi mpakani, naomba nisikike vyema: kutazama habari za nchi jirani si kosa. Wala dishi lililoelekea kwingine, mbali na yalikoelekea madishi ya wenzake, si ushahidi wa ujasusi. Limeelekea huko kwa sababu setilaiti yake iko huko.

Sasa mwenye nyumba. Ibara ya 26 ya Katiba ya Uganda inalinda mali ya mtu, na bati ni mali yake. Kila tundu la bolti lisilozibwa ni njia ya maji. Mpangaji huhama na dishi lake, tundu likabaki likiozesha mbao. Tena bonde la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na radi kwa wingi. Nguzo ya chuma iliyosimikwa juu ya paa bila waya wa kuipeleka radi ardhini huhatarisha vyumba vyote, si chumba cha mwenye dishi peke yake. Kwa hiyo mwenye nyumba anaposita, asihesabiwe mara moja kuwa ni mtu mwenye roho mbaya.

Sheria yetu ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 imeweka misingi miwili inayotufaa leo. Wa kwanza, upangaji wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi sharti uwe na mkataba wa maandishi. Wa pili, mpangaji hafukuzwi bila amri ya mahakama. Lakini dishi liwekwe wapi, hilo limebaki kuwa jambo la mapatano kati ya wawili hao. Basi tutazame wenzetu walipima vipi. Hukumu na kanuni zao hazitufungi sisi, ila mizani yao yaweza kutusaidia.

Nchini Marekani, kanuni iliyotungwa mwaka 1996, ikapanuliwa mwaka 1999 ili kuwafikia wapangaji, inamruhusu mpangaji kuweka dishi lisilozidi mita moja mahali anapopatumia yeye peke yake, kama vile baraza lake. Kanuni hiyo haimpi ruhusa ya kutumia paa linalofunika watu wote, wala kutoboa ukuta wa nje bila ridhaa. Nayo masharti ya usalama yanabaki na nguvu.

Nchini Sweden, familia moja yenye asili ya Iraki, yenye watoto watatu, iliishi katika nyumba ya kupanga kandokando ya mji wa Stockholm. Mkataba wao ulikataza kufunga antena nje. Wao wakatumia dishi kupokea vipindi vya Kiarabu na Kiajemi. Mahakama ya rufani ya nchi hiyo ikampa ushindi mwenye nyumba, na familia ikalazimika kuhama. Shauri likafika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, ambayo tarehe 16 Desemba 2008 iliamua kwamba haki ya familia hiyo ya kupokea habari ilikuwa imevunjwa. Mahakama ilizingatia kwamba hoja ya usalama haikuwa na uzito wa kutosha, kwamba familia haikuwa na njia nyingine ya kupata vipindi hivyo, na kwamba kuwatoa watu nyumbani pamoja na watoto wao ni adhabu kubwa kupita kiasi.

Nchi hizo mbili zilikwenda njia tofauti, lakini maswali yao yanafanana. Je, dishi lina hatari ya kweli? Je, ipo njia nyingine? Je, hatua inayochukuliwa inalingana na kosa? Mkiulizana maswali hayo uani, wengi wenu hamtafika kwetu kituoni.

Tena sisi tuna bahati ambayo familia ile haikuwa nayo. Setilaiti za televisheni ziko juu ya Ikweta, umbali wa kilomita zipatazo 36,000, nasi tunaishi karibu sana na Ikweta. Kule Sweden dishi hulazimika kuinamia upande wa kusini, likazibwa na kila jengo lililo mbele yake. Dishi letu hutazama juu zaidi. Halihitaji kimo cha paa. Lahitaji uwazi tu. Nguzo fupi iliyosimikwa katika saruji pembeni mwa ua hutosha mara nyingi, na hakuna bati linaloguswa. Aidha, dishi moja lenye kichwa cha matundu kadhaa huweza kuhudumia dekoda za vyumba kadhaa. Wapangaji wanaotazama setilaiti moja wanaweza kuchangia dishi moja, badala ya paa kugeuka shamba la uyoga.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hata kodi yenu ikiwa chini ya kiwango nilichotaja, andikeni mambo manne kabla fundi hajapanda ngazi: dishi litakaa wapi, nani ataziba matundu na kugharimia uharibifu, waya wa radi utafungwa na fundi gani, na mpangaji akihama, ataondoka na nini na ataacha nini. Wekeni sahihi wote wawili, naye mwenyekiti wa kijiji ashuhudie.

Namalizia na kazi ya polisi. Hatuna mamlaka ya kuamuru dishi lipandishwe wala lishushwe. Hilo ni shauri la madai, la mapatano au la mahakama. Wala hakuna afisa mwenye ruhusa ya kumtoa mpangaji kwa sababu tu mwenye nyumba amepiga simu. Lakini anayekata waya au kuvunja dishi kwa makusudi ameharibu mali ya mtu. Anayelichukua ili lifidie kodi ajue kwamba aweza kushtakiwa kwa wizi. Anayeingia chumbani pasipo idhini anavunja faragha ya makazi inayolindwa na Ibara ya 27 ya Katiba. Na mpangaji anayemtishia mwenye nyumba kwa panga, au anayebomoa paa kwa hasira baada ya kukataliwa, atajibu mbele ya sheria hiyohiyo.

Mkishindwa kuelewana, nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji awasuluhishe. Akishindwa, mlango wa mahakama ya hakimu uko wazi. Damu ikitishia kumwagika, njoni kwetu mapema, saa yoyote, wala msingoje mpaka imwagike.