Tibni na Omri

Ukiwa na Biblia karibu, fungua Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 16, aya ya 21 na 22. Ni aya zisizohubiriwa mara nyingi. Israeli waligawanyika nusu kwa nusu: hawa walimtaka Tibni awe mfalme, wale wakamfuata Omri. Tukihesabu kwa miaka ya Mfalme Asa iliyotajwa katika sura hiyo, mvutano ule ulichukua kama miaka minne. Na katika aya hizo hatusikii sauti ya nabii wala ya kuhani.

Sisi Wakenya twaijua hali hiyo. Tulipiga kura Alhamisi, tarehe 27 Desemba 2007. Jumapili jioni Mheshimiwa Kibaki alitangazwa mshindi, akaapishwa jioni hiyo hiyo. Upande wa Mheshimiwa Odinga ukakataa. Siku chache baadaye mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi mwenyewe alisema hajui kama aliyetangazwa ndiye aliyeshinda. Tume ya Jaji Kriegler nayo, baada ya kuchunguza, ilisema haiwezekani kujua. Lakini mitaani kila mtu alijua! Watu zaidi ya 1,000 waliuawa, na tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo.

Wakati ule tulikuwa wanafunzi wa theolojia. Tuliporudi chuoni kutoka likizo ya Krismasi, tulianza kuketi mezani kwa kufuata lugha za mama zetu. Hiyo ilikuwa aibu, lakini kanisani mwa chuo palikuwa na aibu kubwa zaidi. Mwenzetu akimwomba Mungu alete amani, nusu yetu tulinyamaza, maana tulisikia kwamba anataka mambo yaachwe yalivyo. Mwingine akiomba haki, nusu ya pili ikanyamaza. Maneno ya manabii tulikuwa tumeyageuza beji za vyama.

Wala hawakuwa wanafunzi peke yao. Februari 2008 Baraza la Makanisa la Kenya lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande, likaomba msamaha.

Jioni moja mwalimu wetu mzee alipiga magoti mbele yetu. Alimwambia Mungu waziwazi kwamba yeye hajui nani ameshinda. Kisha akamwombea mlinzi wa lango, ambaye nyumba yake kule Bonde la Ufa ilikuwa majivu, na mpishi wetu, ambaye mwanawe alipigwa risasi Kisumu. Hakuomba neno lingine.

Amina ya jioni ile ilitoka pande zote mbili, ingawa kwa sauti ndogo. Chakula cha usiku tulikula mbalimbali kama kawaida. Kesho yake mmoja wetu alichukua sahani yake, akahama meza.

Bwana awe nanyi.