NYUKI ASIYE NA MZINGA



Naomba masikio yenu kwa habari ya mdudu ambaye wengi twamjua kwa uharibifu wake tu: yule nyuki mkubwa mweusi atobaye boriti za nyumba. Yeye hana mzinga. Kila jike hujichongea nyumba yake, kama seremala.

Ndani ya tundu huweka donge la unga wa maua uliochanganywa na asali, hutaga yai moja juu yake, kisha huziba kwa vumbi la mti na kuanza chumba kingine. Yai huwa buu. Buu hula donge lile. Halafu hutulia bila kula, viungo vyake vikageuka hata akawa nyuki kamili. Donge likiwa dogo, nyuki naye atakuwa mdogo maisha yake yote, kwa maana mdudu akiisha kuota mabawa hakui tena.

Tena yai lililopata mbegu ya dume huwa jike, na lisilopata huwa dume. Mfaransa Jean-Henri Fabre (1823–1915) aliwachunguza nyuki wapweke wa kwao, ambao hawatobi miti bali hukaa katika matete matupu. Alipowapa mirija myembamba, walitaga madume. Kwani dume ni mdogo kuliko jike, nafasi haba yamtosha. Hivyo nyumba hugeuza hata uzazi.

Wataalamu wasema asili ya nyuki wote ni nyigu wawindao wadudu. Zaidi ya miaka 100,000,000 iliyopita baadhi yao waliacha nyama, wakawalisha watoto wao unga wa maua. Tangu hapo maua na nyuki wamefuatana kwa umbo. Ua la karakara ya manjano lamfaa nyuki huyu mkubwa, ambaye mgongo wake hugusa unga na kuupeleka ua la mti mwingine. Nyuki wa asali, kwa udogo wake, mara nyingi hupita chini bila kuugusa.

Basi shauri langu ni hili. Tukichoma kila gogo kavu shambani, twamfukuzia nyuki huyu kwenye boriti zetu; na tukimwua huko, karakara zitachanua bila kuzaa vema. Tupake rangi mbao za nyumba, kwani zenye rangi hazipendi sana, na tumwachie magogo makavu machache mpakani mwa shamba. Hasara yake ni kuni kidogo. Faida yake ni matunda.