Mwalimu wa Mwanafunzi wa Mbali Naye Asomeshwe

(Maneno ya idara ya elimu mbele ya kamati za parokia na wafadhili, mkutano wa robo mwaka)

Tunawashukuru kwa michango yenu, hasa ile midogo inayotoka parokia za vijijini baada ya mavuno, maana tunajua inavyopatikana.

Tumeombwa kufafanua pendekezo moja la bajeti ambalo limezua maswali: kwamba sehemu moja ya kumi ya mfuko wa elimu itengwe kwa ajili ya kuwaendeleza wahadhiri wanaofundisha kwa njia ya elimu masafa. Swali linaloulizwa ni la haki. Mhadhiri ana shahada na ana mshahara, mtoto wa mjane hana ada. Iweje fedha ziende kwa mhadhiri?

Tuanze na jinsi elimu hii inavyofanya kazi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992 na kuzinduliwa rasmi mwaka 1994. Makao yake makuu yako Kinondoni, Dar es Salaam, lakini mwanafunzi wake anaweza kuwa Sumbawanga au Nachingwea. Asubuhi anafundisha shule ya msingi, jioni yuko shambani, usiku ndipo anafungua kitabu. Mhadhiri wake anaonana naye ana kwa ana siku chache tu katika mwaka. Siku zote zinazobaki, mwalimu wake ni moduli, yaani kile kitabu cha kozi. Kikiwa kimeandikwa vibaya, hana wa kumnyooshea mkono.

Darasani mhadhiri anaona nyuso. Akiona watu wamekunja uso anarudi nyuma, anatoa mfano mwingine, hata utani kidogo, kisha anaendelea. Mwandishi wa moduli haoni uso wowote. Inambidi abashiri mapema mahali msomaji atakapokwama, aweke mfano pale pale, aweke swali la kujipima pamoja na jibu lake, na amweleze mtu aliyekosea kwa nini amekosea. Mtaalamu wa Sweden, Börje Holmberg, aliyefanya kazi miaka mingi katika chuo cha Hermods kilichofundisha kwa njia ya posta, alishikilia kwamba maandishi ya elimu masafa yanapaswa kuwa mazungumzo kati ya mwalimu na mwanafunzi. Ukisikia hivyo unadhani ni jambo rahisi. Lakini shahada ya uzamivu katika kemia haimfundishi mtu kuzungumza kwa maandishi na mtu asiyemwona.

Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1969, kililitambua hilo tangu mwanzo, ndiyo maana kozi zake hazikuachiwa mtu mmoja. Huundwa kikundi chenye wahadhiri kadhaa, mhariri, msanifu wa kurasa, na mtahini kutoka nje anayesoma rasimu. Hapa kwetu mara nyingi mhadhiri mmoja ndiye hao wote, tena baada ya kumaliza vipindi vyake vya kawaida.

Kusahihisha nako ni ufundi. Mwanafunzi wa bweni akipewa 8 kati ya 20 atamfuata mwalimu ofisini. Yule wa Nachingwea, kama karatasi imerudi na alama peke yake, hajafundishwa kitu. Maneno mawili matatu pembeni mwa jibu ndiyo somo lenyewe, na kuyaandika vizuri kunahitaji kufundishwa.

Mwaka 2020 uliliweka jambo hili wazi. Vyuo vikuu vya Tanzania vilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, vikafunguliwa tarehe 1 Juni. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zilikuwa zimekwisha kufika Dar es Salaam tangu mwaka 2009, na simu zilikuwa mikononi mwa wanafunzi. Hata hivyo vyuo vingi vilibaki vikisubiri kufunguliwa, maana wahadhiri wengi hawakuwa wameandaliwa kufundisha watu wasiokuwa mbele yao. Katika vile tunavyovifahamu, waliojaribu walipiga picha maandishi yao ya zamani na kuyatuma kwa simu. Hatuwalaumu.

Sasa fedha. Wafadhili, tuseme ukweli kwa upendo, wanapenda kitu kinachoonekana: jengo, gari, kompyuta. Sote tumewahi kuingia katika ofisi tukakuta kompyuta ya msaada imevikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la sebuleni. Kuna mipango mizuri ya kusomesha wahadhiri. Mradi wa elimu ya juu wa Benki ya Dunia, ulioidhinishwa mwaka 2021 kwa dola milioni 425, ulitenga fungu la kuwasomesha, na Chuo Kikuu Huria kiliwekwa kati ya wanufaika. Lakini mradi huo ulielekezwa zaidi kwa vyuo vya umma. Zipo pia nafasi za Jumuiya ya Madola za kusoma shahada ya uzamili ya Uingereza bila kuondoka nyumbani, ila nafasi ni za kushindaniwa. Vyuo vyetu vidogo vya makanisa vinapita katikati ya matundu hayo.

Kuna jambo moja ambalo wajumbe wengi hawakulitarajia. Vitabu vya mafunzo havina gharama kubwa. Shirika la Jumuiya ya Madola la elimu masafa, ambalo viongozi wa nchi walikubaliana kuliunda mwaka 1987 huko Vancouver, hutoa miongozo ya uandishi wa moduli bila malipo. Kinachokosekana ni muda. Mhadhiri mwenye vipindi kumi na sita kwa wiki hawezi kuandika moduli nzuri, hata umpe miongozo yote ya dunia. Kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha tunazoomba italipa mwalimu wa muda wa kushika vipindi vyake kwa muhula mmoja, pamoja na mhariri. Inayobaki ni ya warsha za wiki moja hapa hapa nchini. Hakuna tiketi ya ndege katika bajeti hii.

Mmetuuliza pia: akishafundishwa akaondoka je? Wengine wataondoka, hilo hatuwezi kulificha. Ndiyo sababu tunapendekeza wafundishwe watatu watatu kutoka idara moja, na moduli ibaki mali ya chuo. Mtu akihama, kitabu hakihami naye.

Na yule mtoto wa mjane? Tisa ya kumi ya mfuko bado ni yake. Tunachoomba ni kwamba ada anayolipiwa isiishie katika kozi asiyoweza kuifuata, akaacha masomo mwaka wa pili na deni la nauli juu.

Kwenye meza ya nyuma tumeweka moduli mbili za somo moja, moja iliandikwa kabla ya mwandishi wake kupata mafunzo na nyingine baada ya mafunzo. Zipitieni wakati wa chai, hata kama somo lenyewe hamlijui. Kura itapigwa saa nane.