Beringi za Magurudumu ya Mbele
(Maneno yaliyosemwa mbele ya madereva, matingo na mafundi wa mashamba ya chai, Kericho na Bomet)



Nimepewa nafasi niseme juu ya beringi ya gurudumu la mbele. Labda wachumaji watauliza, hayo yatuhusu nini? Yanawahusu sana. Majani mliyochuma asubuhi yamo juu ya lori. Lori likikwama njiani majani yanapata joto, yanageuka rangi, na kiwandani yanakataliwa. Na gurudumu likichomoka katika mteremko, watakaokutana nalo ni watu wetu wanaotembea kando ya barabara.

Kwanza tujue kazi ya kitu chenyewe. Katikati ya gurudumu mna habu, na ndani ya habu mna beringi, yaani vyuma vidogo vya mviringo vinavyozunguka katika grisi. Uzito wote wa mbele hulala juu ya vyuma hivyo. Adui zake ni maji na matope. Nchi yetu hupata mvua karibu kila mwezi. Magari yetu hupita murram, mitaro na madimbwi, na jioni huoshwa kwa pampu ya nguvu. Sili ikichakaa, maji huingia, grisi huharibika, kutu hula chuma, na beringi huanza kufa.

Lakini haifi bila kusema. Dalili ya mvua ni mawingu. Dereva atasikia mvumo unaopanda kadiri mwendo unavyopanda, hata akiondoa mguu kwenye mafuta. Mvumo wa tairi hubadilika ukitoka lami kuingia murram. Wa beringi hukufuata kote. Tena, ukikata kona ya kulia uzito huenda kushoto. Basi mvumo ukizidi hapo, shuku beringi ya kushoto. Ukizidi katika kona ya kushoto, shuku ya kulia. Baada ya safari karibisha mkono kwa hadhari katikati ya magurudumu mawili ya mbele. Moja likiwa na joto jingi kuliko mwenzake, iko sababu: ni beringi, au breki inayoshika.

Kisha pima. Simamisha gari mahali sawa, weka vizuizi nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma, inua kwa jeki, halafu uweke stendi imara. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukiisha, ubovu ni wa beringi. Ukibaki, tazama viungo vya usukani na vya springi. Kisha lizungushe kwa mkono. Likikwaruza kama lina mchanga ndani, beringi imeliwa.

Sasa kubadilisha. Katika pikapu nyingi za zamani, malori na matrekta, kila gurudumu la mbele lina beringi mbili, ya nje na ya ndani, na kila moja ina kikombe chake ndani ya habu. Ondoa gurudumu. Kalipa ya breki ifunge kwa waya, isining'inie kwa mpira wake. Toa kifuniko cha grisi, pini, nati na washa, kisha uvute habu. Ng'oa sili na vikombe vya zamani. Usitie beringi mpya katika kikombe cha zamani, maana alama za ubovu wa kwanza zitaiua mpya upesi.

Safisha habu mpaka ing'ae. Ingiza kikombe kipya kwa kugonga na kipande cha shaba, kidogo kidogo, huku na huku, kiende sawa. Kikifika mwisho mlio wa nyundo hubadilika. Weka grisi ya beringi kiganjani, ukandamize upande mpana wa beringi juu yake mpaka grisi itokeze upande wa pili. Kupaka juu juu hakutoshi. Tia beringi ya ndani, kisha sili mpya, na mikono yenye grisi isiguse breki.

Rudisha habu. Kaza nati kwa spana huku mwenzako akizungusha gurudumu, mpaka liwe zito. Kisha uilegeze kabisa, uikaze tena kwa vidole, na kutia pini mpya. Kama kitabu cha gari kina kipimo chake, fuata hicho. Ukikaza mno, beringi itaungua. Ukilegeza mno, itapigapiga mpaka ivunjike. Baada ya safari fupi pima tena.

Magari madogo kama Probox yana beringi ya namna nyingine, iliyobanwa ndani ya chuma cha gurudumu. Hiyo hutolewa na kuingizwa kwa mashine ya kubana. Fundi anayeipiga nyundo humrudishia mwenye gari beringi iliyokwisha umia. Na mnunuapo, linganisheni namba iliyochongwa juu ya ile ya zamani, na dukani mdai risiti.

Ndugu zangu, sasa nafika penye shabaha yangu. Ajali ikitokea, wa kwanza kuulizwa ni dereva. Atasema, "Nilimwambia msimamizi." Msimamizi atasema hakuambiwa. Nani atamwamini? Kwa hiyo usikiapo mvumo, andika katika daftari la gari: tarehe, namba ya gari, upande gani, na jina la uliyemwarifu. Asiyejua kuandika amwombe mjumbe wa chama. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanya kazi amwarifu msimamizi wake juu ya hatari kubwa, na mwenye kazi haruhusiwi kumrudisha mtu mahali pa hatari hiyo kabla haijaondolewa. Sheria ya barabara nayo inakataza kuendesha gari lenye ubovu wa kuhatarisha watu. Basi anayekuamuru uondoke na gurudumu linalocheza, anakuamuru uvunje sheria.

Wakubwa watasema gari haliwezi kulala gereji majani yakingoja. Tuwajibu kwa adabu: usipoziba ufa utajenga ukuta. Beringi mbili, sili na grisi, kazi ya fundi ya saa chache, ni gharama ndogo mbele ya lori lililopinduka. Tuombe kila gereji ipime magurudumu ya mbele kwa siku zilizowekwa, na mjumbe wetu alione daftari.

Dereva asikie, fundi apime, karani aandike, na chama kisimame nyuma yao. Umoja ni nguvu.